Pembe, Gogo na Pete: Historia ya Kigezo katika Useremala wa Upande wa Bara wa Mombasa

Upande wa bara wa Mombasa, yaani Likoni iliyo ng'ambo ya kivuko, Kisauni iliyo kaskazini ya kisiwa na Changamwe iliyo magharibi yake, umekuwa kwa muda mrefu mahali ambapo mti huingia ukiwa gogo na kutoka ukiwa bidhaa, na historia ya ufundi huo kwa kawaida husimuliwa kupitia sanamu za wanyama, milango ya nakshi na majahazi. Lipo jambo jingine linaloweza kuifungua historia hiyo, nalo ni kigezo cha pembe: kipande cha ubao, bati au plaiwudi kilichokatwa kwa pembe maalumu ili fundi aweze kuurudia mkato uleule mara nyingi bila kupima upya. Kigezo hakina umaarufu wa tezo wala wa patasi, lakini kuwapo au kutokuwapo kwake katika karakana hueleza mengi kuhusu misitu iliyoizunguka karakana hiyo. Hoja ya makala haya ni kwamba ikiwa usahihi wa pembe haukuwa msingi wa kazi za mviringo za Mombasa, sababu haikuwa upungufu wa hesabu miongoni mwa mafundi. Sababu ilikuwa wingi wa magogo mapana, kwa kuwa penye gogo pana fundi hana haja ya kuunga vipande.

Vitu vya mviringo vilivyotumika katika nyumba za pwani, kama kinu, chano na bakuli la mti, vilichimbwa kutoka katika kipande kimoja, na ukubwa wa kitu ulifuata unene wa mti uliopatikana. Ufundi wa kukereza, yaani kuuzungusha mti huku chombo chenye makali kikiunyoa hadi uwe mviringo, ulikuwapo pwani kabla ya mashine, nao ulifanywa kwa kerezo la uta. Kipande cha mti kiliwekwa kati ya ncha mbili, uzi wa uta ukazungushwa juu yake, mkono mmoja ukauvuta na kuusukuma uta, na mkono wa pili, ukisaidiwa na mguu, ukaishikilia patasi. Kwa kuwa mti ulizunguka mbele kisha ukarudi nyuma, makali yalikata kwa nusu ya mwendo tu, na nusu iliyobaki ilikuwa kazi bure. Miguu ya vitanda na vijiti vya kupambia viti na roshani ni kazi zilizolifaa kerezo la aina hiyo, kwa sababu ni vyembamba na virefu. Bakuli pana lilihitaji nguvu ambayo uta hauna, na kwa hiyo liliachiwa tezo.

Mantiki hiyohiyo iliongoza uundaji wa vyombo vya bahari. Mataruma, yaani mbavu zinazoupa mwili wa jahazi umbo lake, yalitafutwa katika miti iliyokwisha kupinda yenyewe, na mwundaji alitazama pale tawi linapoachana na shina akikadiria kwa jicho kama mpindo huo ungelingana na tumbo la chombo. Nyuzi za mti, yaani mistari inayofuata ukuaji wake, zilipinda pamoja na umbo, hivyo taruma halikupasuka kirahisi kama ambavyo lingepasuka lingekatwa kutoka katika ubao ulionyooka. Pembe ilichaguliwa ikiwa bado hai msituni, na aliyekuwa na msitu wa kuchagulia hakuwa na sababu ya kuitengeneza kwa msumeno. Ni elimu ya hali ya juu, ingawa haikuandikwa, na wanaoiita ya kubahatisha hawajawahi kujaribu kuunda hata mtumbwi.

Wala haiwezi kusemwa kwamba kuigawa duara kulikuwa jambo geni pwani. Mawaridi yaliyochongwa juu ya milango ya mbao na katika mapambo ya chokaa ya nyumba za kale yalichorwa kwa bikari, chombo chenye miguu miwili kinachotumika kuchora duara, na mchoro wake wa msingi ni rahisi kwa namna ya kushangaza. Fundi anapoifungua bikari kwa kiasi cha nusu kipenyo, akachora duara, kisha akaitembeza ncha ya bikari juu ya mzingo bila kuubadili upana wake, hupata alama sita zilizo sawasawa kabisa, na hapo waridi la petali sita hujichora lenyewe. Akizigawa tena nafasi hizo katikati hupata 12. Kwa hiyo mgawanyo wa duara katika sehemu sita na 12 ulikuwa mikononi mwa wachongaji wa nakshi, lakini ulibaki juu ya uso wa mbao ukiwa pambo, wala haukuingia ndani ya kitu kuwa njia ya kukijenga.

Mabadiliko ya kwanza yaliyogusa upande wa bara moja kwa moja yalitokea Kisauni. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alifika Zanzibar kushinikiza mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na miaka miwili baadaye Shirika la Kimisionari la Kanisa la Uingereza, chini ya William Salter Price, likaanzisha katika ardhi ya Kisauni makazi ya watu waliokombolewa, yakaitwa Freretown. Baadhi ya waliotangulia kuyajenga na kuyaongoza walikuwa Waafrika waliolelewa Sharanpur karibu na Nasik, India, ambako watoto waliokombolewa kutoka majahazini walifundishwa kusoma pamoja na kazi za mikono, ukiwamo useremala na uhunzi. Useremala huo wa shule ulitofautiana na ule wa pwani kwa jambo moja la msingi: kazi ilianzia kwenye mchoro na kipimo kabla ya kufika kwenye mti. Dirisha lilitakiwa lilingane na dirisha lenzake, na kulingana huko kulitegemea zana za kupimia, hasa kipimapembe cha seremala, ambacho ni mkono wa chuma unaokunjuka juu ya mpini wa mti na kukazwa kwa skrubu ili uibebe pembe kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Reli ilifuata. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, njia ikavuka kutoka kisiwani kwenda bara na kupitia Changamwe, na katika jumla ya zaidi ya wafanyakazi 31,000 walioletwa kutoka India walikuwamo maseremala na wahunzi wa Punjab, ambao baadhi yao walibaki na kufungua karakana zao. Elimu ya ufundi ilipata nguvu zaidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pale Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa ilipoanzishwa mwaka 1948 kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora pamoja na fedha za serikali ya kikoloni. Taasisi hiyo ilijengwa Tudor, kisiwani, lakini ndiyo iliyokuja kuwa Politekniki ya Mombasa na, tangu 2013, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Chimbuko la pete za vipande, yaani vitu vya mviringo vinavyoundwa kwa kuunga vipande vifupi badala ya kuchimbwa katika gogo moja, katika zama za viwanda linapatikana katika kazi ambayo wasomaji wengi wa leo hawaijui, nayo ni utengenezaji wa violezo vya kusubia chuma. Gurudumu la chuma husubiwa kwa kumimina chuma kilichoyeyuka ndani ya shimo lililochapwa katika mchanga, na shimo hilo huachwa na kiolezo cha mti kilichokandamizwa humo kisha kikaondolewa. Kiolezo kikitolewa katika ubao mmoja mpana, ubao hunywa unyevu wa mchanga, huvimba upande mmoja kuliko mwingine, na duara hugeuka yai. Ndiyo maana mafundi wa violezo wa Ulaya na Marekani walizoea kuijenga pete kwa vipande vifupi vilivyounganishwa kwa gundi, safu juu ya safu, kila safu ikifunika viungo vya ile ya chini. Vitabu vya kazi hiyo, kama kile cha Joshua Rose kilichochapishwa Marekani mwaka 1878, viliieleza kama jambo la kawaida. Wakerezaji wa mabakuli na vyungu vya mapambo waliirithi njia hiyo baadaye, wakaipendezesha kwa kuchanganya miti ya rangi tofauti.

Hesabu ya pete yenyewe ni nyepesi, na ugumu wake umejificha mahali pengine. Duara ina digrii 360, na kila kipande cha pete hukatwa pande mbili, hivyo pembe ya kila mkato ni 360 igawanywe kwa idadi ya vipande, kisha igawanywe kwa mbili: pete ya vipande 12 inahitaji mkato wa digrii 15, ya vipande 16 inahitaji digrii 11 na robo. Pete ya vipande 12 ina mikato 24, na kosa la kila mkato hujiongeza juu ya lile lililotangulia. Fundi aliyekosea kwa sehemu moja ya kumi ya digrii tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona kwenye kipande kimoja, hukusanya kosa la digrii 2.4 anapofika kwenye kiungo cha mwisho, na katika pete yenye nusu kipenyo cha milimita 150 kiungo hicho huachama kwa zaidi ya milimita sita. Vipande 11 vinaonekana vimekaa vizuri, cha 12 kinaumbua vyote.

Kwa sababu hiyo kipimapembe kidogo cha plastiki cha mwanafunzi hakifai kutengenezea kigezo, kwa kuwa alama zake zimebanana mno na unene wa mstari wa penseli peke yake unatosha kuharibu kazi. Njia iliyo bora huacha kupima digrii na badala yake hupima urefu. Ukichorwa mstari wa milimita 1,000, kisha kwenye mwisho wake ukasimamishwa mstari mwingine wa mraba wa milimita 268, ule unaoziunga ncha mbili zilizo wazi utafanya na mstari wa kwanza pembe ya digrii 15 ambayo haipungui wala kuzidi kwa kiasi cha kumsumbua seremala. Kukosea milimita nzima katika urefu huo wa pili, jambo ambalo fundi makini hawezi kulifanya, huleta kosa la takriban nusu ya sehemu moja ya kumi ya digrii. Siri ni ukubwa wa mchoro: kadiri mistari inavyorefuka ndivyo kosa lilelile la mkono linavyopungua uzito.

Bikari ya wachongaji wa nakshi inafika mahali palepale kwa njia nyingine. Kwenye duara yenye nusu kipenyo cha milimita 500 alama sita huwekwa kwa upana uleule wa bikari, kila nafasi hugawanywa katikati, na umbali wa moja kwa moja kati ya alama mbili zinazofuatana huwa milimita 258.8; anayeziunga alama hizo mbili na kitovu amepata kabari ya digrii 30, ambayo ni kipande kizima cha pete ya vipande 12. Kabari hiyo ikikatwa katika plaiwudi hujaribiwa kwa kuizungusha: huwekwa ncha yake juu ya kitovu, huchorwa ubavu wake, husogezwa mpaka ubavu wa pili ulale juu ya mstari uliochorwa, na hivyo hivyo mara 12. Kosa la sehemu moja ya kumi ya digrii, lililokuwa halionekani, hujitokeza kwenye mzingo wa duara hiyo likiwa pengo au mwingiliano wa zaidi ya milimita kumi, na kabari hunyolewa kwa msasa mpaka mstari wa mwisho uangukie juu ya ule wa kwanza. Jaribio hili halihitaji chombo chochote cha dukani, na mtu aliyechora waridi la mlango angelielewa mara moja.

Mahali panapojulikana zaidi kwa kazi ya mti katika upande wa bara, hata hivyo, palijengwa juu ya msingi mwingine kabisa. Uchongaji wa kibiashara wa Wakamba hutajwa kuanzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, aliyejifunza kutoka kwa wachongaji wa Tanganyika alipokuwa huko katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na kuwafundisha watu wa kwao. Kufikia mwaka 1958, mchumi Walter Elkan alipochapisha uchunguzi wake kuhusu biashara ya vinyago vya Afrika Mashariki, kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuwa biashara yenye wauzaji wa mbali na masoko ya ng'ambo. Mombasa iliwavutia wachongaji kwa sababu ya bandari na watalii, na mwaka 1963 ukaundwa ushirika wa Akamba katika Changamwe, kando ya barabara ya Port Reitz, ambao baadaye ulikuwa na maelfu ya wanachama. Kwingineko, Bombolulu katika eneo la Kisauni, karakana za watu wenye ulemavu zilizoanzishwa mwaka 1969 ziliingiza pia uchongaji miongoni mwa kazi zake.

Katika mabanda ya Changamwe kazi hufuata mwendo wa kupunguza. Gogo hukatwa vipande kwa msumeno, hupigwa kwa shoka au panga mpaka umbo lianze kutokea, kisha tezo huchukua nafasi, na mchongaji akiwa amekaa chini hukishikilia kipande kwa miguu huku tezo ikishuka vidole viwili tu kutoka kwenye unyayo wake. Bakuli la kachumbari huchimbwa kwa tezo ndogo iliyopinda, husawazishwa kwa kisu, husuguliwa kwa msasa wa kukwaruza kisha mlaini, kazi ambayo mara nyingi hufanywa na wanawake, na mwisho hupakwa nta. Mti wa rangi hafifu hupakwa rangi nyeusi ya viatu ufanane na mpingo, na mnunuzi asiyeujua uzito wa mpingo huondoka ameridhika. Hakuna pembe inayopimwa katika mwendo huo wote. Kigezo cha mchongaji ni bakuli alilolimaliza jana, lililowekwa mbele yake.

Ufundi huu ulikula miti mingi, na uliikula kwa kuchagua. Muhugu, mti wa misitu ya pwani kama Arabuko-Sokoke, ulipendwa kwa ugumu na harufu yake; mpingo kwa weusi; mzeituni wa mwituni kwa michirizi yake. Yote mitatu hukua polepole, na kila mchongaji alitaka mti mnene, kwa kuwa bakuli la kipenyo cha sentimita 30 linalotoka katika gogo zima linadai mti uliozidi unene huo. Makadirio ya miaka ya 1990 yaliwataja wachongaji wapatao 60,000 nchini Kenya, na wataalamu wa mimea, miongoni mwao Anthony Cunningham na Simon Choge wa taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, walionya kwamba miti mikubwa ilikuwa inakwisha. Kampeni iliyofuata iliwahimiza wachongaji wahamie kwenye miti ya mashambani, hasa mwarubaini, ambao uliletwa kutoka Asia na kuenea pwani nzima, pamoja na mwembe. Na katika miaka ya mwanzo ya 2000 vinyago vya mwarubaini kutoka pwani ya Kenya vikaanza kuuzwa vikiwa na cheti cha kimataifa cha usimamizi mwema wa misitu.

Mwarubaini uliokoa biashara, lakini ulileta usumbufu wake. Mti wowote unapokauka husinyaa zaidi kwa kufuata mizunguko ya umri wake kuliko kwa kuelekea moyoni, tofauti ambayo mara nyingi hukaribia mara mbili, ilhali kwa urefu wa nyuzi zake karibu hausinyai kabisa. Bakuli lililochongwa kutoka katika gogo bichi lenye moyo ndani yake hubeba ugomvi huo popote liendapo. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi na huuficha. Nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi huufichua, na bakuli lililoondoka Changamwe likiwa zima hupasuka juu ya meza ya mnunuzi. Tanuri za kukaushia mbao na utayarishaji wa magogo kwa dawa ya wadudu vilipunguza hasara, ila havikulibadili umbo la tatizo.

Hapo ndipo pete ya vipande inapokuwa na maana kwa upande wa bara kuliko ilivyowahi kuwa. Katika pete, nyuzi za kila kipande huufuata mzingo badala ya kuukata, na upana wa kila kipande ni mdogo, hivyo kusinyaa kunagawanyika na kukosa nguvu ya kupasua. Muhimu zaidi, bakuli la sentimita 30 linaweza kutoka katika vibao vya upana wa sentimita tano, vile ambavyo mwarubaini wa uani, mwembe uliozeeka au mabaki ya mvule na mninga ya karakana za fanicha za Likoni na Kisauni yanaweza kuvitoa. Serikali ya Kenya ilipositisha ukataji miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, na kuendelea na zuio hilo kwa miaka kadhaa, thamani ya mabaki ya aina hiyo ilipanda hata kwa wale waliozoea kuyatupa kwenye jiko. Gundi nazo hazikuwa kizuizi tena: gundi ya kale iliyochemshwa kutoka katika ngozi na mifupa hulegea katika unyevu wa pwani, lakini gundi nyeupe ya dukani, iliyoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, huvumilia zaidi, ingawa hushika kwa udhaifu pale nyuzi zinapokutana kwa vichwa, na ndiyo sababu kila safu ya pete hupangwa ikivuka viungo vya ile ya chini.

Kilichobaki ni pembe, na katika karakana ndogo yenye msumeno wa meza uliochakaa pembe haiwezi kutegemea alama zilizochongwa kwenye mashine. Kabari ya plaiwudi iliyoelezwa juu hutatua jambo hili kwa namna ya werevu. Juu ya ubao unaoteleza mezani hupigiliwa mbavu mbili za kuegemezea mti, moja kila upande wa njia ya msumeno, na kabari huwekwa kati yake kabla ya kuzikaza, hivyo pembe iliyo baina ya mbavu hizo inakuwa ile ya kabari. Mkato wa kwanza wa kipande hufanywa kwenye ubavu mmoja na wa pili kwenye ubavu mwingine. Hata msumeno ukiwa umeelekea kidogo kushoto au kulia, kinachopungua upande mmoja huongezeka upande wa pili, na jumla hubaki digrii 30. Fundi hahitaji kujua kila mkato una digrii ngapi.

Kosa dogo linalosalia baada ya hapo lina dawa yake. Vipande sita huunganishwa kwanza kuwa nusu pete, na sita vingine nusu ya pili, huku vijiti vyembamba vikiwekwa kati ya nusu hizo mbili ili shinikizo la kamba au mkanda wa mpira livibane vile viungo vya ndani bila kuzigandisha nusu pamoja. Gundi ikikauka, kila nusu husuguliwa nyuso zake mbili kwa pamoja juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo au kigae kilichonyooka, mpaka zote mbili ziguse sawasawa, kisha nusu huunganishwa. Makosa yote ya mikato 24 yamekusanywa katika viungo viwili na kuondolewa. Pete hupoteza kiasi kidogo cha uduara wake kwa usuguaji huo, lakini hasara hiyo hunyolewa na patasi mara tu pete inapofungwa kwenye mashine ya kukereza na kuanza kuzunguka.